Toba Haifuti Dai

Liko jambo ambalo nimekuwa nikiliona mara kwa mara katika mikusanyiko yetu ya huku Giakanja, iwe ni mazishi, iwe ni ibada ya shukurani, iwe ni harambee ya karo, nalo ni hili: anaposimamishwa mzee wa miaka tisini na zaidi, mmoja wa wale wachache waliosalia katika watu walioingia msituni kupigana na mkoloni wakati wa Hali ya Hatari, mfawidhi wa shughuli humtambulisha kwa maneno mawili yafuatanayo, kana kwamba la pili limekuja kulizika la kwanza, kwamba alikuwa Mau Mau, na kwamba sasa ameokoka. Watu hupiga makofi, mzee humshukuru Mungu kwa maneno machache, kisha huketi na shughuli ikaendelea. Hapana amwulizaye shamba la babaye lilikwenda wapi. Hapana amwulizaye kama yuko mtu, ng'ambo ya kijito, ambaye yeye mwenyewe angependa kumwona na kusema naye kabla siku zake hazijakwisha.

Nami nasema mapema, ili msomaji ajue niendako: toba ya mtu aliyeshika silaha ni jambo tukufu, na naamini kwa moyo wangu wote kwamba Mwenyezi Mungu huipokea, walakini toba hiyo haifuti dai alilo nalo mtu huyo juu ya waliomdhulumu, wala haifuti dai walilo nalo juu yake wale aliowadhulumu yeye. Dawa ya deni kulipa, na sisi watu wa milima hii tumezoea kwa muda mrefu mno kuupokea wokovu wa mdaiwa, na hata wa mdai, kama stakabadhi ya malipo ambayo hayakupata kufanyika.

Naandika haya nikiwa Tetu, katika kaunti ya Nyeri, nchi iliyomzaa Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa msituni, mahali ambapo mtu akitazama machweo huiona milima ya Nyandarua na akitazama mawio huuona mlima wa Kirinyaga, na ambapo ni taabu kupata ukoo usiokuwa na babu aliyekula kiapo cha Mau Mau na babu mwingine aliyekuwa ngati, yaani askari wa Walinzi wa Nyumbani waliopigana upande wa serikali. Wajukuu wa mababu hao wameoana, wanachuma majani chai ya mashamba yanayopakana, na watoto wao hukaa dawati moja. Mambo haya hayakuhusu watu wa mbali hata tukayazungumza kama tarehe za kitabuni.

Kambini toba ilikuwa na bei

Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari tarehe 20 Oktoba 1952, na kwa hesabu za serikali yenyewe watu zaidi ya 80,000 walipitishwa katika kambi za kizuizi, na watu 1,090 walinyongwa. Raia waliobaki nje ya kambi, wengi wao wanawake na watoto, zaidi ya milioni moja, waliondolewa katika maboma yao mnamo miaka ya 1954 na 1955 na kukusanywa katika vijiji vilivyozungushiwa mitaro na miba. Na hapa kwetu bibi zetu walitolewa kwa nguvu kwenda kuchimba handaki refu ukingoni mwa msitu, likapandwa vijiti vilivyochongwa, ili waliomo ndani wasitoke na chakula kisiingie.

Katika kambi hizo mtu aliyekiri kiapo alisogezwa hatua moja kuelekea nyumbani, na aliyekataa alirudishwa nyuma, kwenye kambi za watu walioitwa wagumu. Mapadre na wachungaji waliingizwa humo kuhubiri, baadhi yao watu wa kweli waliosikitika kwa waliyoyaona, nami siwakusanyi wote katika lawama moja. Lakini mtu aliyesikia Injili na mlio wa kiboko katika ua mmoja, akaona kwamba sala humfikisha kwa mkewe na ukaidi humfikisha kambi ya Hola, ambako tarehe 3 Machi 1959 wafungwa kumi na mmoja walipigwa hata wakafa, nani atathubutu kuipima imani yake? Huenda aliamini, na huenda alitamani tu kuwaona wanawe. Na mimi ningekuwa yeye nisingejua nafsini mwangu ni lipi kati ya mawili hayo lililonipigisha magoti.

Tena palikuwa na ubaya mwingine, uliofichika zaidi. Serikali ya siku zile iliyachukua maasi kuwa ni maradhi ya roho, hata ikamwagiza daktari wa akili, J. C. Carothers, ayachunguze, na taarifa yake ikapigwa chapa mwaka 1954. Maadamu maasi ni maradhi, matibabu yake ni mahubiri na kazi ngumu, na mgonjwa akipona hana la kudai, kwa kuwa mtu hadai haki kwa jambo aliloweweseka katika homa. Kwa hila hiyo suala la ardhi, ambalo ndilo lililowatoa watu majumbani mwao, lilitolewa mezani bila ya kujibiwa. Mkikuyu wa zamani alisema kwamba haki huuvunja upinde uliokwisha kuvutwa. Lakini hapa upinde ulivunjwa kwa nguvu, na haki ikaahirishwa.

Nahofu kwamba makofi yetu ya leo ni mabaki ya mafundisho yale. Tunamshangilia mzee kwa kuwa amepona, wala hatujiulizi alikuwa akililia nini.

Barua ya tarehe 17 Februari

Kimathi alijeruhiwa na kukamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, ukingoni mwa msitu, huku huku Tetu. Alishtakiwa mjini Nyeri mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor kwa kosa la kuwa na bastola na risasi, akahukumiwa kifo mwezi wa Novemba, na alfajiri ya tarehe 18 Februari 1957 akanyongwa katika gereza la Kamiti. Siku moja kabla ya hapo alimwandikia barua Padre Marino wa misheni ya Kikatoliki ya Nyeri, na barua hiyo imehifadhiwa.

Wako watu, na baadhi yao ni rafiki zangu, wasiopenda kuisikia habari ya barua hiyo, kwa sababu ndani yake yule aliyetikisa himaya anasema kwamba ana furaha na yumo katika kujitayarisha kwa safari ya mbinguni, na anamtaja kwa shukurani padre aliyekuwa akimtembelea gerezani na kumletea vitabu. Huona kama kwamba shujaa wao ametekwa mara ya pili. Na wako wengine, wa upande wa pili, waliopenda kuisoma kwa sababu hiyo hiyo: tazameni, husema, hata Kimathi alijuta. Naona pande zote mbili zimeisoma barua kwa haraka.

Kwani mtu huyu aliyebakiwa na usiku mmoja anamwomba padre nini? Anaomba mwanawe apatiwe shule na aanze mapema. Anamkumbuka mama yake aliyekwisha kuzeeka. Anamwombea mkewe, ambaye wakati huo naye alikuwa kifungoni, afarijiwe na masista. Mtu aliyekuwa amekwisha kukabidhi roho yake hakuona kwamba mambo ya karo na ya mama mzee yamekuwa madogo mbele ya pepo. Aliyaweka katika karatasi ile ile moja. Wala simo katika kudai kwamba naijua siri iliyokuwa kati yake na Muumba wake. Ninalosema ni kwamba katika barua ile amani ya moyo na madai ya nyumba yanakaa pamoja bila ya ugomvi, na kwamba hakuandika humo kuwa watu wake hawakudhulumiwa ardhi yao. Aliyemfundisha kusali hakumfundisha kusahau, naye hakusahau.

Wala dini haikuwa ngeni kwake hata aipate gerezani tu. Alisoma katika shule za Kanisa la Scotland, Karuna-ini na Tumutumu. Na msituni watu wake walisali wakiielekea Kirinyaga, wakimwita Ngai kabla ya kula na kabla ya kupigana. Msituni waliomba mvua, ushindi na ardhi, na waliomba pia rehema. Iweje basi tuseme kwamba walipopata ubatizo ndipo walipopata Mungu, na kwamba yote yaliyotangulia yalikuwa giza tupu?

Mtu aliyekwenda kwa mfiwa

Sasa niingie katika kisa ambacho kwangu kina uzito kuliko vyote katika kadhia hii, na ambacho watu wa Nyeri tungepaswa kukijua kama tunavyojua majina ya mito yetu.

Mwezi wa Oktoba 1954 wapiganaji walivamia nyumba ya Gray Leakey, mkulima Mzungu aliyeishi karibu na mji wa Nyeri, binamu wa yule Louis Leakey mchimbuaji wa mifupa ya kale. Alikijua Kikuyu barabara, na Wakikuyu walimwita Murungaru. Mkewe aliuawa pale nyumbani. Binti wa mkewe aliokoka kwa kujificha darini. Na yeye mwenyewe alichukuliwa hadi mlimani akazikwa hai, akiwa kafara, kwa sababu ulikuwako utabiri kwamba vita vitashinda akitolewa Mzungu mwema. Nyumba hiyo ilikuwa imekwisha kuonja msiba, kwani mwanawe Nigel alikufa vitani Ethiopia mwaka 1941 na kupewa Msalaba wa Victoria baada ya kifo chake.

Binti yake, Agnes, alikuwa mbali na Kenya habari zilipomfikia. Alikuwa ameolewa na Bremer Hofmeyr wa Afrika Kusini, na wote wawili walikuwa watumishi wa jamaa iliyoitwa Moral Re-Armament, iliyoasisiwa na mhubiri Mmarekani Frank Buchman, ambayo ilifundisha kwamba anayetaka kuugeuza ulimwengu aanze kwa kujigeuza nafsi yake katika ukweli, usafi, kutojipendelea na upendo. Ghaidhi ilimshika kama ambavyo ingemshika kila mwana wa mtu, kisha katika kusali kwake akaazimu kutoipa chuki nafasi moyoni, na kuzidi kuhangaikia mioyo ya weusi na weupe pamoja. Ni rahisi kuyaandika haya. Yeye alikuwa na baba aliyezikwa hai.

Wakati huo huo, katika kambi ya Athi River iliyosimamiwa na Kanali Alan Knight, mtu wa jamaa hiyo hiyo, ilijaribiwa njia isiyokuwa ya viboko peke yake. Alikuwako humo David Waruhiu, mwana wa Chifu Waruhiu wa Kiambu aliyeuawa kwa risasi tarehe 7 Oktoba 1952; aliwasamehe waliomfanya yatima na akaja kufanya kazi miongoni mwa watu wa upande ule ule uliommaliza babaye. Na mmoja wa waliozuiliwa katika siku zile akabadilika ni Stanley Kinga, ambaye kabla ya hapo alikuwa mtu wa Mau Mau mwenye cheo cha kuapisha wengine.

Miaka ilipita. Agnes na Kinga wakawa watu wanaosafiri na kusema katika majukwaa mamoja juu ya suluhu. Ndipo Kinga alipomweleza jambo ambalo angaliweza kwenda nalo kaburini bila ya mtu kujua: kwamba alikuwa mmoja katika wachache walioketi na kuamua kwamba atakayetolewa kafara ni babake. Wakaendelea kuketi pamoja.

Naomba msomaji atue hapa kidogo. Kinga alikuwa amekwisha kutubu. Alikuwa amekwisha kukubaliwa, amekwisha kupewa jukwaa, na watu wa mataifa mengi walikuwa wakimsikiliza. Kama toba ingekuwa ni ule ushuhuda wa jumla tulioufanya desturi, kwamba nilikuwa mwenye dhambi kubwa na Bwana amenitoa mbali, basi yeye alikuwa ameutimiza na kupita. Lakini alijua kwamba dhambi hiyo kubwa ilikuwa na jina la mtu, na kwamba mtu huyo alikuwa na binti, na binti huyo ameketi kando yake. Kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Vivyo hivyo na msamaha, hauombwi kwa mkutano wa watu wa mbali ilhali mfiwa yupo.

Nina neno moja la kulaumu, nalo halimhusu Kinga wala Agnes. Kisa hiki kilipendwa sana Ulaya na Marekani, kikasimuliwa katika kumbi kubwa, na waliokisikia waliondoka wakiona kwamba Mau Mau yamekwisha kujibiwa. Mtu mweusi aliyekiri damu ya Mzungu alipata wasikilizaji wengi. Je, yuko afisa aliyerudi Nyeri, akatafuta nyumba ya mwanamke aliyepigwa katika kijiji cha mitaro, akataja jina lake na la kijiji, akasema mimi ndiye niliyeamuru? Hadi wazee walipokwenda mahakamani London ndipo serikali ya Uingereza, kwa kinywa cha waziri wake wa mambo ya nje, William Hague, tarehe 6 Juni 2013, ilipotamka masikitiko yake bungeni na kukubali kutoa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228, huku ikishikilia kwamba haina dhima kisheria. Mnara wa kuwakumbuka walioteswa ukasimamishwa Uhuru Park mwaka 2015. Nashukuru kwa mnara na kwa zile fedha, ambazo ziliwafaa wazee kwa dawa na mabati. Lakini lile lilikuwa ni sikitiko la jumla, lisilo na jina la mtenda wala la mtendwa, na kwa kipimo alichotuwekea Kinga ni pungufu.

Shamba lililobadili jina

Natoka kwa watu wakubwa narudi katika boma la kawaida la Giakanja, kwani huko ndiko mambo haya yanakolipiwa.

Mwaka 1953 ilitungwa sheria ya kuwanyang'anya ardhi walioshukiwa kuongoza maasi. Baada yake ikaja kazi ya kuunganisha vipande vya mashamba na kuviandikisha, kazi iliyosukumwa kwa nguvu katika nchi ya Wakikuyu kuanzia katikati ya miaka ile ya 1950, wakati ambapo wanaume wengi walikuwa kambini au msituni, na mipaka ikapimwa mbele ya kamati ambazo wao hawakuwa na kinywa ndani yake. Asiyekuwapo hakutetewa, na mara nyingi aliyekuwapo ndiye aliyepata mteremko mzuri ulio karibu na barabara, na ndugu wa aliyefungwa akapewa genge. Sheria ya mwaka 1959 ikaja kufunga mlango, kwa kulifanya daftari lile la ardhi kuwa neno la mwisho.

Mtu akarudi kutoka kizuizini mwaka 1958 au 1959. Amekiri, amehubiriwa, labda ameokoka kweli kweli. Akafika akaona mwenzake aliyekuwa ngati analima palipozikwa kitovu chake. Akaambiwa nini? Akaambiwa asamehe. Tarehe 12 Agosti 1963 Mzee Jomo Kenyatta aliwaambia walowezi huko Nakuru kwamba tusameheane na kusahau ya nyuma, na neno lile lililowatuliza Wazungu likageuka kuwa amri kwa maskini. Desemba ya mwaka huo wapiganaji waliobakia msituni walitoka wakakusanyika katika uwanja wa Ruring'u, hapa Nyeri, wakaweka silaha chini. Wengi wao hawakupewa ardhi, na chama chao kikaendelea kuwa haramu kwa sheria ya mkoloni hata tarehe 31 Agosti 2003, miaka arobaini baada ya uhuru, ndipo marufuku ikaondolewa na serikali ya Rais Kibaki, mwana wa Othaya.

Wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi. Wana wa mtu huyo walikulia katika kijiji kile kile alichokijenga mkoloni kiwe kizuizi, maana hawakuwa na pa kurudi. Vijiji hivyo bado viko katika kaunti ya Nyeri. Nyumba zimebanana juu ya vipande vidogo ambavyo hupati mahali pa kumfunga ng'ombe mmoja wala pa kumzika mzee, na familia zimesubiri hati za kumiliki kwa vizazi. Binti aliyefaulu mtihani akakosa karo, kwa kuwa babaye hakuwa na kahawa ya kupeleka kiwandani. Akaenda kufanya vibarua katika chai ya jirani, na jirani huyo ni mjukuu wa mtu ambaye yeye amekatazwa na adabu kumtaja. Jumapili wote wawili huimba katika kwaya moja. Je, wamepatana, au wamezoeana? Mimi naona ni mazoea, na mazoea hayo huvunjika kila pafanyikapo mirathi. Hapo ndipo maneno ya mwaka 1955 hutokea yakiwa na makali yake yote, na vijana wasioijua asili ya ugomvi hukamatana mashati mbele ya jeneza.

Jino la pembe si dawa ya pengo. Wokovu wa babu haukumpa mjukuu shamba.

Watu wa Uamsho

Sitakuwa nimefanya insafu nisipowataja Ahonoki, Wakristo wa Uamsho, ambao katika miaka ile walisimama mahali pagumu kuliko wote. Walikataa kiapo, wakisema kwamba wamekwisha kuinywa damu ya Kristo na hawawezi kuinywa ya mbuzi juu yake. Na wengi wao wakakataa vile vile kuchukua bunduki ya serikali, wasije wakamwua yule waliyekuwa wakimwombea. Baadhi yao waliuawa na watu wa msituni, na wengine walitiliwa shaka na askari. Desturi yao ilikuwa kwamba mtu akitubu humwendea aliyemkosea na kurudisha alichochukua, hata kama ni jembe, hata kama ni shilingi chache za miaka mingi iliyopita. Desturi hiyo ilikuwa kwetu, katika vibanda vya bibi zetu, wala hatukuhitaji kuitafuta ng'ambo ya bahari. Ilipotelea wapi? Nadhani ilipotea pale tulipojenga makanisa makubwa yenye vipaza sauti, ushuhuda ukawa ni kitu cha kusikilizwa na wengi, na yule mmoja ambaye neno lilikuwa lake akawa hayumo ukumbini.

Kuna kijiji kiitwacho Gathaithi

Atakayedhani kwamba nazungumzia wazee peke yao na atoke Tetu aende Mathira. Usiku wa kuamkia tarehe 21 Aprili 2009, katika kijiji cha Gathaithi, watu zaidi ya ishirini waliuawa kwa mapanga na mashoka, katika mapambano baina ya kundi la Mungiki na wanakijiji waliochoka kutozwa fedha na kundi hilo. Mungiki walikuwa wamejivika joho la Mau Mau, wakala viapo na kusuka nywele, na wengi wa vijana wao walitoka katika nyumba zile zile zisizo na ardhi nilizozitaja.

Mwisho wa mwaka huo huo Maina Njenga, aliyekuwa kiongozi wa Mungiki na ambaye alikuwa gerezani usiku wa mauaji yale, aliachiliwa baada ya mashtaka yaliyohusu Gathaithi kufutwa, naye akabatizwa katika kanisa la Askofu Margaret Wanjiru jijini Nairobi mbele ya umati na kamera. Kabla yake Ndura Waruinge, mwenzake katika kuliasisi kundi hilo, alikuwa amesilimu mwaka 2000 na baadaye akaingia katika Ukristo. Mimi simtii hatiani mtu ambaye mahakama haikumtia, wala sipimi moyo wa aliyebatizwa. Ninalouliza ni la upande wa pili. Wajane wa Gathaithi walikuwa wapi siku ile ya maji? Nani aliwaendea, awe ni mchungaji au ni mmoja wa maelfu ya vijana walioliacha kundi lile na sasa wanaendesha bodaboda na kulea watoto, akasema nilikuwako, nilichukua kiasi hiki, nataka kurudisha? Na nani kwa upande wa serikali aliziendea nyumba za vijana waliotoweka mikononi mwa polisi katika miaka ile, ambao mama zao hata leo hawajui walipo?

Kijana aliyeacha panga kwa sababu ya kumcha Mungu anastahili heshima yetu, na zaidi ya heshima anastahili kibarua; kwa kuwa yule anayetubu tumboni mwake mkiwa na njaa, na akirudi kijijini akaonekana ni mhalifu wa milele, tumemwachia mlango mmoja tu wa kurudia. Katika hilo dai lake ni la haki, na ushuhuda wake kanisani hautujibii.

Linalowezekana kufanyika

Huenda msomaji akasema kwamba nafukua yaliyozikwa. Hasha, hayakuzikwa, yamo katika mafaili ya mirathi kwenye mahakama za Nyeri. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilitoa ripoti yake mwaka 2013, na mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta akaahidi mfuko wa shilingi bilioni kumi kwa ajili ya waliodhulumiwa. Ripoti imekaa rafuni, na sisi wa vijijini hatuwezi kuendelea kuingojea Nairobi kwa jambo ambalo sehemu yake iko mikononi mwetu.

Makanisa yetu yana nguvu ambayo chifu hana. Mchungaji akija kuniambia kwamba mzee fulani wa msituni ameokoka, au kwamba mwana wa ngati fulani ameokoka, ningependa aketi naye faraghani kwanza, amwulize ni nani anayemdai na ni nani anayedaiwa naye, kisha waende pamoja kwenye maboma hayo, na wazee wa kanisa wakiwa mashahidi. Shamba zima huenda lisirudi. Limegawanywa mara tatu na kuuzwa, na aliyelinunua hana hatia. Lakini robo ekari ya makaburi yaweza kurudi. Karo ya mjukuu mmoja yaweza kulipwa na nyumba iliyonufaika. Njia ya kupitia kwenda mtoni, iliyofungwa kwa uadui, yaweza kufunguliwa. Mahali alipozikwa mtu aliyeuawa usiku paweza kuonyeshwa na anayepajua, maana wako wanaopajua.

Na muda ni mfupi. Mukami Kimathi, mjane wa Dedan Kimathi, alifariki mwezi wa Mei 2023, bila ya kuupata mwili wa mumewe auzike. Septemba ya mwaka huo akafuata Muthoni wa Kirima, mwanamke wa Nyeri aliyekaa msituni hadi uhuru. Wenye kuijua mipaka ya kabla ya mwaka 1955, mti gani ulikuwa wa nani na kijito kilipita wapi, hapa Giakanja ni wachache, na baadhi yao hawawezi tena kutembea. Ofisi ya ardhi iko mjini Nyeri, si mbali na hapa, na daftari zimo humo. Makanisa yana magari, ambayo siku za kazi aghalabu huwa yameegeshwa. Na yawachukue wazee hao, wa pande zote mbili pamoja, wakae juu ya ramani moja na vijana wakiandika.